Pigo la Mjane

Coon Rapids, Minnesota
9 Februari

Kwa mama yangu, Mama Elisante,

Shikamoo Mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa mezani karibu na dirisha la jikoni. Theluji imefunika ngazi zote za nje, na jirani anaizoa kwa koleo huku akiisemesha peke yake. Kabla ya lolote, niambie magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko mlimani. Ile dawa ya kuchua bado ipo, au wifi zangu wameshaombaomba mpaka ikaisha? Tangawizi ya mwaka huu imetoka vizuri? Na yule mbuzi wako mwenye sikio lililokatika, bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Nauliza yote kwa sababu nayawaza yote. Nikiendesha gari kwenda kazini huwa nayapitia moja moja, kama mtu anayekagua shamba.

Sisi wawili huku ni wazima. Somo yako, Nanzia mdogo, amenipita kimo sasa, na miguu yake ni ile ile ya baba yake, mirefu na isiyotulia chini ya meza. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimwuliza anajibu Kiingereza. Lakini juzi alijikata kidole akimenya viazi, na neno lililomtoka lilikuwa "Mama wee!" la kikwetu kabisa. Nilimfunga kidonda huku nacheka, yeye amekasirika kwamba nacheka.

Barua hii anakuletea dada mmoja tunayesali naye, anakuja Same kumuuguza baba yake. Nimemwomba aipandishe mpaka kwako, akuwekee mkononi wewe, si mtu mwingine. Sikutaka kuyasema haya kwenye simu. Simu ya nyumbani inakaa kwa Shemeji Elisante, na neno langu likipita kwake hukufikia limeshapigwa pasi. Msomaji wako awe mwinjilisti, anasoma taratibu na haongezi yake.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Shemeji alinipigia. Huenda amekwambia, huenda hajakwambia yote, kwa hiyo nakuandikia maneno yenyewe kama tulivyoyasema.

"Shemeji, mwaka umetimia," alianza. "Ukoo umekaa. Baada ya Pasaka tunamaliza mambo ya marehemu Anaeli."

"Mambo gani, Shemeji?"

"Nguo zigawanywe. Na lile koti lake kubwa ulilete, Baba Mdogo ameliulizia mara nyingi. Halafu tukuvue huo ujane, tukuwekee msimamizi. Mama atoe ufunguo wa ile nyumba aliyoijenga. Nyumba haiwezi kukaa tu bila msemaji."

"Na huyo msimamizi ni nani?"

Akacheka. "Mkubwa ni mimi, unataka awe nani, askofu?"

"Nyumba ina mimi, Shemeji."

"Wewe uko Marekani. Tena, usikasirike, nakwambia kama ndugu, wewe sasa ni nusu. Mtu aliyebaki nusu anahitaji wa kumshikilia. Na ujane si kazi, shemeji yangu, kwamba mtu aufanye mpaka astaafu. Mwaka umetosha."

Nilimwambia nitafikiri. Ndiyo hivyo, Mama, nilimuaga, nikamwambia anisalimie watoto, nikakata simu, nikaendelea kukuna nazi. Nilikuna mpaka kwenye kifuu. Nilijua tu kwamba nimeguswa mahali, na sikujua paitweje.

Sasa nikusimulie jambo la kazini, nalo ndilo lililonipa jibu.

Unajua ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley. Wazee wengi wa hapa ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka Norwei, Uswidi na Denmaki, na wachache walizaliwa huko huko. Unamkumbuka yule nesi mrefu wa misheni aliyetoka Denmaki, uliyekuwa ukimpelekea mayai? Basi fikiria jengo zima limejaa ndugu zake, wamezeeka, wanangojea kahawa.

Watatu wanakaa meza moja karibu na dirisha. Bibi Solveig ni wa Norwei, alikuja huku akiwa bibi harusi. Mzee Arvid wazazi wake walikuwa Waswidi, naye alikuwa mwalimu wa shule maisha yake yote. Bibi Kirsten ni wa Denmaki, mpole, anafuma soksi ambazo hazina mwenyewe. Lugha zao zinafanana kama Kipare na Kisambaa: wanaelewana vizuri sana, ila kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayekosea. Wanaweza kubishana asubuhi nzima kuhusu jina la kijiko. Bibi Solveig hunywa kahawa iliyopikwa na yai. Yai, Mama, linavunjwa na kukorogwa kwenye kahawa kabla haijachemshwa. Usicheke. Nimeonja, ni nzuri, haina uchungu.

Siku ya pili baada ya simu ya Shemeji nilikuwa nasukuma toroli la kahawa, mawazo yangu yako huko mlimani. Nikageuka haraka na kiwiko kikagonga ukingo wa chuma. Unapajua pale kwenye kiwiko, pakigongwa mkono wote unawaka kama umeshika umeme, mpaka kidole cha mwisho, halafu ghafla unapoa. Nikapiga kelele, "Yesu wangu!" Vikombe vikaruka.

"Enkestøt!" akasema Bibi Solveig, kama mtu anayemsalimia rafiki wa zamani.

"Änkestöt," akasema Mzee Arvid.

"Enkestød," akasema Bibi Kirsten bila kuinua macho kwenye soksi. "Wote wawili mnalitamka kama mna pamba mdomoni."

"Denmaki nzima ina pamba mdomoni," Mzee Arvid akamjibu, na wote wakacheka. Mimi pia nikacheka nikiwa nimeshika mkono. Nikauliza, "Ndilo jina la huu mfupa?"

Walitazamana kama watoto waliovunja kitu. Mzee Arvid masikio yakawa mekundu, kila mmoja akaanza kuangalia kikombe chake. Nikajua linanihusu mimi.

"Niambieni," nikasema. "Nimevunja vikombe viwili kwa ajili yake."

Ni Bibi Kirsten aliyeniambia. "Si jina la mfupa, mpenzi. Ni jina la maumivu. Enke ni mwanamke aliyefiwa na mume. Hilo jingine ni kugongwa. Pigo la mjane."

"Kwa nini la mjane?"

Akaweka soksi chini. "Kwa sababu linauma sana, halafu linaisha upesi. Ndivyo walivyosema watu wa zamani kuhusu majonzi ya mjane. Wa zamani, si mimi."

"Na kwenu wote watatu ni hivyo hivyo?"

"Wote watatu," akasema Mzee Arvid. "Samahani, Kunda."

Mama, niliweka kitambaa juu ya kahawa iliyomwagika nikaanza kufuta, na machozi yakatoka. Kiwiko kilikuwa kimeshapoa zamani. Bibi Solveig akagonga meza kwa kile kidole chake kilichopinda.

"Nani alilitunga neno hilo?" akauliza. "Mimi nitawaambia. Mwanamume. Alikuwa amekaa kwenye kahawa yake, mkewe yu hai, anamfulia soksi."

"Mama yangu mwenyewe aliolewa tena kabla nyasi hazijaota kaburini," Mzee Arvid akasema.

"Mama yako alikuwa Mswidi."

"Mama yangu alikuwa na watoto tele na ng'ombe wa kukamua!"

"Basi ona, maumivu yake hayakuisha. Alikosa tu nafasi ya kukaa nayo." Mzee Arvid alikaa akizungusha kikombe chake mpaka kahawa ikapoa.

Siku hiyo niliendesha gari kurudi nyumbani na lile neno ndani ya gari, kama abiria. Nikajiambia, kumbe Shemeji wangu yupo kila mahali. Yupo Upareni, yupo Norwei, yupo Uswidi na Denmaki. Watu waliotengwa na bahari na milima walikaa kila mmoja kwake, wakamtazama mwanamke analia, na wote wakapanga ataacha lini.

Sasa Mama, nikukumbushe kuhusu huo mwaka uliotosha, maana nadhani huko nyumbani umehesabiwa vibaya.

Anaeli alianguka na kufariki Januari ya mwaka jana, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa ile hospitali alikokuwa akifanya kazi. Nilipouliza ukoo tumlete nyumbani au tumzike huku, kila mtu alikuwa na sauti kubwa, na wewe ndiye uliyesema kwa sauti ndogo, "Mzikeni pale mtoto wake anapoweza kumtembelea." Shemeji alitaka kubisha ukamwambia, "Aliyemzaa amesema." Sijawahi kukushukuru kwa maneno hayo ipasavyo. Nakushukuru leo.

Tukapata nafasi kwenye makaburi ya kanisa dogo kaskazini ya hapa, kati ya mashamba ya mahindi. Lakini mzee anayeyatunza alituambia kwamba wao hawachimbi wakati wa baridi. Ardhi inakuwa jiwe. Jembe linaruka. Wafu wa Januari wanawekwa kwenye chumba chenye ubaridi wakisubiri Aprili. "Haifunguki mpaka iyeyuke yenyewe," alisema, akiwa ameshika kofia yake mkononi, amesikitika kana kwamba yeye ndiye aliyeigandisha.

Huko nyumbani ninyi mlikuwa mmeshakusanyika. Mlilala msibani, mkala, mkaimba, na siku zilipotimia mkaanua matanga kama inavyotakiwa. Wifi yangu alinionyesha kwenye simu. Niliona majamvi yanakunjwa na masufuria yanarudishwa kwa wenyewe. Niliona watu wanaagana, mmoja anatafuta kiatu chake. Mambo yote yalifanywa vizuri, sina lawama. Ila mimi nilikuwa nimesimama jikoni na simu, na mume wangu alikuwa bado hajazikwa. Mlifunga msiba wa mtu aliye juu ya ardhi. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Sisi tumezoea kwamba mtu akifa leo, kesho au keshokutwa yuko chini, na kila kitu kinafuata hapo. Hatukuwa na utaratibu wa ardhi isiyofunguka.

Kutoka Januari mpaka Aprili nilikuwa nini, Mama? Ukoo ulishamaliza kulia, na mimi nilikuwa sijazika. Nilikwenda kazini, nilipika makande kwa mahindi ya kukobolewa ya duka la Wameksiko, nilimpeleka Nanzia shule. Kila nilipopita barabara ya kile chumba cha ubaridi nilipunguza mwendo. Kazini walinipa siku chache za msiba na wakasema pole kwa upole kabisa, halafu siku zikaisha nikarudi kwenye toroli. Wakinamama wa kwetu walio hapa walikuja na vyakula, wakakaa nami. Ilipofika Machi mmoja akaniambia, "Dada, usilikalishe hilo neno mjane mdomoni, litakuzeesha. Kuna baba mmoja Saint Paul, mgane, mtu wa heshima." Nilimkaribisha chai. Nikamwambia mume wangu bado hajalala. Alinitazama kama nimechanganyikiwa.

Tulimzika theluji ilipoyeyuka, udongo umelowa, mweusi kama wa bondeni kwetu. Nanzia alitupa konzi yake ya kwanza ya udongo na kusema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Lala salama, Baba." Mwaka wangu mimi ulianza siku hiyo. Kwa hiyo hata huo mwaka mmoja wa Shemeji, ukihesabiwa toka kaburini, haujatimia. Na ukitimia, si yeye wa kuniambia.

Nirudi kazini. Kesho yake Mzee Arvid aliniita kabla sijavua koti.

"Kunda, njoo. Jana niliona aibu. Leo nimekuja na mzizi." Alikuwa na kamusi nzito kama tofali, imefungwa kwa mpira. Akaniambia kwamba enke ya Norwei na Denmaki, na änka ya Uswidi, ni dada wa tumbo moja. Kule kisiwani Aislandi wanasema ekkja mpaka leo, na ndivyo walivyosema wazee wa wote hao zamani kabla lugha hazijaachana. Ukizidi kuchimba, akasema, wengi wanaochimba maneno wanaamini chini kabisa kuna moja. Ile moja ya kuhesabia.

"Maana yake aliye peke yake," akasema Bibi Kirsten.

"Peke yake, ndiyo. Lakini neno lenyewe ni moja. Aliye mmoja."

"Si ni yale yale?" Bibi Solveig akasema.

"Si yale yale," nikasema mimi. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, hata mzee wa meza ya pili akageuka. "Shemeji yangu ameniambia kwa kuwa mume wangu amekufa, mimi ni nusu."

"Nusu ya nini?" Bibi Solveig akauliza.

"Ya sisi."

"Mwambie shemeji yako ahesabu tena. Lugha yangu ilishamhesabia."

Mzee Arvid akacheka mpaka akakohoa. Akasema jambo jingine la ajabu: kwao mwanamume akifiwa hana jina lake mwenyewe, wanachukua la mwanamke, wanalibandika neno mwanamume mwishoni. Nikamwambia sisi tuna mjane na tuna mgane. Akalirudia, mgane, mgane, akaliandika pembeni mwa kamusi kwa penseli. Bibi Kirsten akakumbuka kwamba kwao zamani kulikuwa na nyumba iliyoitwa enkesæde, kikalio cha mjane, ambako mwanamke aliyefiwa alikaa na hakuna wa kumwondoa.

"Kwa wakubwa wenye mashamba na farasi," akasema Mzee Arvid. "Si kwa bibi yako."

"Mimi hawakunipa kasri," Bibi Solveig akasema. "Leif wangu alipokufa, kaka yake alikuja kuchukua trekta. Akasema mwanamke hana kazi na trekta. Nikamwambia aje kesho. Alipokuja alinikuta nimekaa juu yake."

"Juu ya trekta?" nikauliza.

"Juu. Na mkate wangu, na chupa ya kahawa. Akasema, Solveig, shuka. Nikasema, mbona wewe hupandi? Akakaa kwenye gari lake, mimi nikakaa kwenye trekta. Hakuna aliyempiga mwenzake. Jua lilipokuwa kali akaenda kwake."

"Akarudi?"

"Alirudi kuomba nimlimie."

Mama, nilipokuwa namvika Bibi Solveig sweta yake nilikukumbuka wewe. Nilikumbuka ule mwaka wa kwanza nilipoolewa, tumekaa jikoni kwako tunamenya tangawizi. Nilikuuliza ilikuwaje Baba alipofariki. Ulisema, "Asubuhi walinivua nguo nyeusi. Jioni wakaniambia nani atanisemea." Halafu ukaniambia nisogeze sufuria. Lakini niliona bakora ya Baba nyuma ya mlango. Nguo zake zote ziligawanywa, hata kofia, na bakora ile hukuitoa. Walipoiulizia ulisema unafukuzia mbuzi. Sijawahi kukuona unamfukuza mbuzi kwayo. Yule mbuzi mpaka leo anaingia jikoni apendavyo.

Kwa hiyo utanielewa kuhusu koti. Mashati ya Anaeli nimeyafua, nimeyapiga pasi, yapo kwenye begi la dada aliyekuletea barua hii, pamoja na viatu na ile suti ya harusi. Wapeni wanaomkumbuka, nao wayavae vizuri. Koti halipo humo. Linaning'inia hapa nyuma ya mlango wangu. Mfukoni mna kipande cha tangawizi, unajua alivyokuwa akitafuna tangawizi mbichi akiendesha gari, kimekauka kimekuwa kama kijiti. Nikiingiza mkono nakikuta. Baba Mdogo asinisubiri. Huko kwetu baridi haijafikia koti lile, na hata ingefikia, silitoi.

Na kuhusu kuvuliwa ujane, Mama, mwambie Shemeji kwa heshima zote kwamba sivuliwi. Si kwamba nataka kulia maisha yangu yote. Nacheka, umeona, kazini tunacheka. Labda siku moja nitaolewa, labda sitaolewa, nikifika huko nitakueleza wewe kwanza. Lakini jina hili nililipata kwa kusubiri ardhi ifunguke, na hakuna kikao kitakacholikunja kama jamvi. Maumivu yangu hayako kwenye kiwiko.

Msimamizi simhitaji. Msemaji wa nyumba ya Anaeli ni mimi, mkewe, na baada yangu binti yake, ambaye Kiswahili chake kitatosha siku kitakapohitajika. Nikiwa mbali bado ni mimi. Shemeji ni kaka wa mume wangu na nitamwamkia mpaka nife, akija kuninasihi nitamsikiliza. Kunisemea, hapana.

Sasa nakuja kwenye ufunguo, na hilo ndilo ninalokuomba.

Ile nyumba chini ya bomba la maji, Anaeli aliipaua mwenyewe likizo yake ya mwisho, unakumbuka alivyoungua shingo. Chumba cha mbele alikifanya kisiwe na ngazi. Fundi alimwambia huo mteremko unadai ngazi, akakataa, akachimba udongo siku kadhaa kwa mkono wake ili sakafu ilingane na njia. Fundi akamtania, "Unamjengea mfalme?" Akasema, "Namjengea magoti." Alikwambia kitakuwa chumba cha wageni kwa sababu alijua ungekataa. Mimi aliniambia ukweli. Ni chako, Mama. Kina dirisha la kuchungulia tangawizi yako.

Usitoe ufunguo. Na usisubiri kikao. Hamia.

Hamia wiki hii, magoti yakishapata nguvu kidogo. Kitanda chako wakibebe vijana wa usharika, sufuria zako mbili, biblia, na bakora ya Baba iwekwe nyuma ya mlango. Mbuzi naye aje, maana najua bila yeye hutalala. Wakija baada ya Pasaka kukalia nyumba ya marehemu, wakukute umekaa ndani yake, chai iko jikoni. Usigombane na mtu. Wakaribishe. Shemeji akisema, "Mama, toka tuongee nje," mwambie yeye ndiye aingie. Akiuliza nani amekuruhusu, mwonyeshe ukurasa huu, jina langu liko chini. Mjane mmoja amemweka mjane mwenzake kwenye nyumba ya mtu waliyempenda wote wawili. Wakubwa wa Denmaki walikuwa na neno la nyumba ya namna hiyo. Sisi hatuna neno, tuna nyumba, na wewe una ufunguo.

Naogopa, Mama, nisikudanganye. Naogopa watakusema, na mimi niko mbali siwezi kukaa karibu yako. Lakini uliwahi kusema kwa sauti ndogo na ukoo mzima ukanyamaza. Nakuomba useme tena mara moja tu.

Nisalimie wifi yangu mkubwa aliyenionyesha msiba kwenye simu mpaka chaji ikamwishia, na yule mdogo anayeshona, mwambie kitenge alichonishonea kinasifiwa hata na Wazungu. Msalimie Baba Mdogo, na asinikasirikie kwa koti. Msalimie mwinjilisti anayekusomea, na asante kwa sauti yake. Na Shemeji Elisante mfikishie shikamoo yangu. Nanzia mdogo ananiambia hapa, kwa Kiingereza chake, kwamba anakuja likizo ya shule na atalala chumba kimoja na wewe, mbuzi alale nje. Mtaelewana wenyewe.

Siku ya kikao watakapotaja majina ya wa nyumba ile, na likaja langu, wasiseme nusu. Waseme Namkunda, mjane wa Anaeli. Mnikumbuke hivyo.

Mkweo na mwanao,
Namkunda